Mganga Hajigangi: Carl Jung Alipoulizwa Yeye ni Mtu wa Aina Gani

Mwezi Oktoba 1959 BBC ilirusha mahojiano kati ya mtangazaji wake John Freeman na Carl Gustav Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, yaliyofanyika nyumbani kwa Jung huko Küsnacht, kando ya Ziwa Zürich. Jung alikuwa na umri wa miaka 84. Mwaka 1921 alikuwa ametoa kitabu kinene kuhusu aina za watu, na humo ndimo yalimochimbuliwa yale majaribio ya kumpima mtu tabia na kumpa herufi nne ambayo leo watu wanatumiana kwenye simu na kubandika majibu yake kwenye wasifu wao wa Instagram. Freeman akamuuliza swali ambalo hata wewe ungeliuliza: je, mwenyewe umeshajua wewe ni wa aina gani?

Jung alijibu kwamba amelishughulikia sana swali hilo, na akaliita swali linalouma. Freeman hakumwachia. Na umefikia uamuzi? Hapo mzee akaanza kuzunguka. Aina ya mtu, alisema, si kitu kilichoganda, hubadilika maisha yanavyokwenda. Ila yeye kwa hakika alikuwa mtu wa kufikiri, tangu utotoni. Machale pia alikuwa nayo mengi. Upande wa hisia za moyo alikuwa na shida ya wazi. Na uhusiano wake na mambo kama yalivyo haukuwa wa kujivunia, mara nyingi alipishana nayo. Basi, akamalizia, hapo unazo taarifa zote za kukutosha kutambua ugonjwa.

Hakutaja aina. Aliyeziasisi aina zenyewe, mbele ya kamera, alieleza dalili kama mgonjwa aliyeketi mbele ya daktari, kisha akamwachia mwenzake kazi ya kutamka jina.

Watu wengi wanaposhindwa kujua wako kundi gani huambiwa hawajajisoma vya kutosha, warudie jaribio, wawe wakweli zaidi. Jung alikuwa na nadharia yake mwenyewe mkononi, alikuwa daktari wa magonjwa ya akili, alikuwa amesikiliza nafsi za watu kwa zaidi ya nusu karne na kuichimba ya kwake kwa ukaidi ambao wachache wanaufikia. Kama kujisoma kungetosha, angejibu kwa neno moja.

Kwa asiyeifahamu ramani yake, ni hivi. Kwanza kuna mielekeo miwili. Mtu wa nje huvutwa na watu na vitu vilivyomzunguka. Mtu wa ndani hawezi kukipa kitu maana mpaka kwanza kimepita ndani mwake. Kisha kuna njia nne ambazo akili hutumia: kufikiri, kuhisi kwa moyo, ambako kwa Jung si kulia wala kukasirika bali kupima kitu kina thamani gani, milango ya fahamu, yaani kukiona na kukigusa kilichopo, na machale, yaani kunusa kinachokuja kabla hakijafika. Kufikiri na moyo hukaa pande mbili zinazopingana, vivyo hivyo fahamu na machale. Ukiwa hodari upande mmoja, upande wa pili hubaki mchanga. Mielekeo miwili mara njia nne, unapata aina nane.

Ukilisoma jibu la 1959 kwa ramani hiyo, ni jepesi. Kufikiri ndiko kinara, machale ndiyo msaidizi, milango ya fahamu ni dhaifu na moyo uko mkiani. Kuwa mtu wa ndani hakukutaja, lakini kuhusu hilo ubishi ni mdogo. Mtu angeweza kufunga faili hapo.

Tatizo ni kwamba kuna jibu jingine.

Kati ya Machi na Julai 1925, mjini Zürich, Jung aliendesha semina mbele ya kikundi kidogo cha wanafunzi wake. Humo alieleza kwa uwazi ambao hakuwa ameuonyesha kabla yale maono na ndoto zilizomwandama baada ya urafiki wake na Sigmund Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, kuvunjika mwaka 1913. Akielezea alivyokuwa wakati ule, alisema kwamba kwa kuwa alikuwa mtu wa sayansi ya asili, kufikiri na milango ya fahamu ndivyo vilivyokuwa juu kwake. Machale na moyo vilikuwa chini, vimezama katika sehemu ya nafsi isiyojitambua.

Linganisha. Machale ambayo mwaka 1959 alisema alikuwa nayo tele, mwaka 1925 aliyaweka chini. Milango ya fahamu, ambayo uzeeni aliikiri kama kasoro, mwaka 1925 aliipandisha juu. Kufikiri tu ndiko kulikobaki mahali pake. Huwezi kuyapatanisha majibu haya kwa kusema alibadilika na umri, ingawa mwenyewe alitoa mwanya huo, kwa sababu yote mawili yanatazama nyuma. Ni mtu mmoja anayeyaelezea maisha yaleyale na kutoa picha mbili zinazopingana katika jambo la msingi kabisa la nadharia yake.

Mimi nashika maneno "kwa kuwa alikuwa mtu wa sayansi ya asili". Hapo Jung hasemi alivyo, anasema kazi yake. Na kazi yake kweli ilikuwa hivyo. Alijiunga na udaktari Chuo Kikuu cha Basel mwaka 1895, na mwaka 1900 akaingia hospitali ya magonjwa ya akili ya Burghölzli, Zürich, chini ya mkurugenzi wake Eugen Bleuler. Sifa yake ya kwanza haikutokana na ndoto wala hadithi za kale. Ilitokana na jaribio kavu kabisa: unamsomea mtu neno moja, yeye anajibu kwa neno la kwanza linalomjia, wewe unapima kwa saa amechelewa kiasi gani. Unasoma neno jingine. Unaandika. Mahali anapokwama, anaporudia neno au anapocheka bila sababu, pana kidonda. Aliyepitisha miaka akiwa na saa mkononi na majedwali mezani ana kila haki ya kujiona mtu wa vitu vinavyoonekana na kupimika.

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Muulize mwalimu wa sekondari kama yeye ni mtu wa watu, atakujibu ndiyo bila kusita, maana kila siku yuko mbele ya darasa lililojaa. Muulize mkewe jioni hiyohiyo mumewe anataka nini akifika nyumbani. Mhasibu atajiita mtu wa utaratibu, na meza yake ya kazini itamtetea. Dada mkubwa aliyelea wadogo zake baada ya mama kufariki atajaza kila mahali kuwa anawatanguliza wengine, na hatakuwa anadanganya. Anaripoti wajibu. Maisha yamemzoesha kitu kwa muda mrefu hivi kwamba hajui tena kama angekichagua.

Jung mwenyewe alilijua hilo kwa nadharia. Katika utangulizi wa kitabu cha 1921 alionya kwamba ni vigumu kutambua mtu ni wa aina gani, hasa mtu huyo akiwa ni wewe mwenyewe, maana hukumu ya mtu juu ya nafsi yake kwa kawaida imefunikwa na ukungu. Na alitoa sababu: kila aina iliyokolea ina msukumo ndani yake wa kufidia upande ilioupuuza. Ukiegemea sana kulia, kitu ndani yako kinakuvuta kushoto, na unapojitazama unauona ule mvuto.

Sababu hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana, na kwangu ndiyo kiini cha kisa hiki. Aliyeieleza vizuri zaidi ni Marie-Louise von Franz, mwanafunzi wa Jung aliyefanya naye kazi kwa miaka mingi. Alieleza kwamba watu mara nyingi watakuapia kuwa wao ni wa aina iliyo kinyume kabisa na yao. Mtu wa nje, ambaye simu yake haipumziki, atakuambia kwa dhati kwamba kiukweli yeye ni mpweke na mtu wa ndani. Mtu wa kufikiri atasisitiza kuwa anaongozwa na moyo. Hawajidai. Ile njia changa, ambayo hawaitumii kwa ustadi, ndiyo wanayoihisi kuwa nafsi yao ya kweli, kwa sababu inapoguswa inauma au inawaka. Njia iliyo hodari haikutoi jasho, nawe huioni. Mtu anayefikiri kwa mpangilio tangu alfajiri hadi usiku hakumbuki kuwa alifikiri, ila atakumbuka kwa wiki nzima dakika tano alizotokwa na machozi msibani.

Sasa rudi 1925 ukiwa na jambo hilo kichwani. Miaka miwili kabla ya semina, mwaka 1923, Jung alikuwa ameanza kujenga mnara wa mawe huko Bollingen, upande wa juu wa ziwa lilelile. Hakuweka umeme. Alipasua kuni mwenyewe, alipampu maji kisimani, aliwasha moto na kupika, na baadaye alichonga mawe kwa patasi na nyundo. Jirani aliyemwona pale akiwa na shoka angemweka moja kwa moja kwenye kundi la watu wa fahamu, watu wa kushika na kutengeneza. Mimi nauona mnara ule kama mazoezi ya mtu anayejua kwamba mguu wake mmoja haugusi ardhi vizuri. Aliyezaliwa akiigusa hahitaji kukataa umeme ili ahisi kwamba yupo. Lakini mtu aliye katikati ya mazoezi hayo, huku mikono yake ikiota sugu, ukimuuliza yeye ni nani atakuonyesha mikono.

Ushahidi mwingine umetoka kwetu. Mwishoni mwa mwaka huohuo wa 1925 Jung alishuka Mombasa, akapanda treni kwenda Nairobi, na kutoka huko akaelekea Mlima Elgon, mpakani mwa Kenya na Uganda. Miongoni mwa aliosafiri nao alikuwa H. G. Baynes, daktari Mwingereza ambaye ndiye aliyekitafsiri kitabu cha aina za watu kwa Kiingereza. Serikali ya Uingereza iliupa msafara wao jina zito, Msafara wa Kisaikolojia wa Bugishu. Pale mlimani Jung aliketi na wenyeji akizungumza nao kwa Kiswahili cha kuungaunga huku akisaidiwa na kamusi ndogo, akiwauliza kuhusu ndoto zao. Alikuwa na miaka 50 na nywele zimeshaingia mvi, wakamwita Mzee.

Alivyowaandika watu wale baadaye, katika kumbukumbu za maisha yake, kuna mengi ya kikoloni yanayokera, na sina haja ya kuyafunika. Lakini kuna mambo mawili humo yanayogusa kisa hiki. La kwanza ni kwamba alistaajabia jinsi wenyeji wale walivyokuwa mafundi wa kusoma tabia za watu. Njia yao mojawapo ilikuwa kuiga. Walichukua namna mtu anavyosema, anavyotupa mikono, anavyotembea, wakaifanya kwa usahihi hadi ukadhani wamevaa ngozi yake, na kwa kuiga hivyo wakamwelewa. Yeyote aliyekulia mtaani kwetu anajua mchezo huu. Kila familia ina mtoto anayeweza kumwiga mjomba hadi mjomba mwenyewe anacheka kwa aibu. Hakuna aliyemjazisha mjomba fomu.

La pili linamhusu yeye. Alikwenda Elgon akijiambia kwamba anakwenda kufanya utafiti wa kisayansi, kukusanya habari. Baadaye sana katika safari ndipo alipogundua kwamba hakwenda kuwachunguza Waafrika. Swali lililomsukuma lilikuwa ni nini kitampata Jung, mwanasaikolojia, akiwa porini Afrika, na swali hilo alikuwa amelikwepa muda wote ingawa ndoto zake hazikuacha kumbishia hodi. Alikiri kwamba safari ile haikuwa mradi wa sayansi kiasi hicho, ilikuwa jambo lake binafsi. Mtu aliyeingia melini akijihesabu kuwa mkusanyaji wa ukweli alikuwa amefuata harufu ya kitu kisichoonekana. Hiyo kwa lugha yake ndiyo machale. Na ni mwaka uleule aliokuwa amewaambia wanafunzi wake kwamba machale yalikuwa yamezama chini.

Ndiyo maana jibu la 1959 naliamini kuliko la 1925, na si kwa sababu la 1959 lilitoka kwa mtu mzima zaidi. Nusu ya jibu lile ni udhaifu. La 1925 lilijengwa juu ya anachokiweza na cheo anachokishika. Mzee wa miaka 84 hakuanza na vyeo, alitaja alikokuwa anajikwaa: moyo, na mambo kama yalivyo. Von Franz alipendekeza njia hiyohiyo kwa anayeshindwa kujitambua, kwamba aulizwe mateso yake makubwa yako wapi, kitu gani anakirudia na kila mara kinamshinda. Mahali hapo ni vigumu kupapamba. Mtu anaweza kujidanganya kuhusu kipaji chake kwa miaka, lakini ukimuuliza ni jambo gani dogo ambalo wenzake wanalifanya bila kufikiri na yeye linamtoa jasho, kama kumpigia simu mfiwa, kujaza fomu za kodi, kukumbuka alipoweka ufunguo, au kukubali kwamba mpango uliobadilika umebadilika, jibu linakuja haraka na linakuja na aibu kidogo. Aibu hiyo ni dalili nzuri.

Wa kuulizwa wengine ni wale unaoishi nao, ila nao wana mipaka. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Simine Vazire alichapisha utafiti uliolinganisha mtu anavyojijua na marafiki zake wanavyomjua. Katika yale yaliyojificha ndani na yasiyobeba sifa sana, kama wasiwasi, mwenyewe ndiye hakimu bora. Katika yale ambayo kila mtu angependa aonekane nayo, kama akili, marafiki walimpita. Katika yale yanayoonekana wazi, kama kuongea sana, hakukuwa na tofauti ya maana. Kwa hiyo aliyeshindwa kuamua kama yeye ni mtu wa kufikiri au wa moyo, na anajua fika kwamba ofisini kwake kufikiri ndiko kunakosifiwa, asijiulize peke yake.

Lipo pingamizi ambalo ni lazima liwekwe mezani. Huenda watu wanashindwa kujua sanduku lao kwa sababu sanduku halipo. Ukiwapima watu wengi kwa kuwa wa ndani au wa nje hawajitengi makundi mawili yenye pengo katikati. Wengi wanarundikana katikati, wachache wanabaki kwenye ncha. Majaribio ya herufi nne yanachora mstari palepale kwenye msongamano, kisha yanampa herufi moja aliye hatua moja upande huu na nyingine aliye hatua moja upande ule. Ukirudia jaribio baada ya wiki chache, ukiwa umelala vizuri au umegombana na bosi, unavuka mstari. Wengi wanaolalamika kwamba kila wakijipima wanapata jibu tofauti hawana tatizo lolote la kujijua. Wanakaa mpakani, na kipimo hakina neno la kumwita mtu wa mpakani. Jung mwenyewe hakuziona aina zake kuwa madroo ya kupangia watu.

Hata hivyo pingamizi hilo halikifuti kisa. Jung hakuwa mtu wa katikati. Tofauti zake zilikuwa kali, wote waliomjua waliziona, na bado alitoa majibu mawili. Kutojijua kwake hakukutokana na ufinyu wa mizani.

Wala kuwa na mwenzi wa kubishana naye hakukumtosha. Mwaka 1915 na 1916 aliandikiana barua na Hans Schmid-Guisan, daktari wa Basel na rafiki yake, kwa makubaliano kwamba mmoja atetee upande wa mtu wa ndani na mwingine upande wa mtu wa nje. Walianza kwa heshima, wakaishia kwenye kuchoshana, kila mmoja akiona kwamba mwenzake anamweleza visivyo. Kwenye dibaji ya kitabu cha 1921 Jung alimshukuru Schmid kwa barua zile na kukiri kwamba zilimsaidia kuyaona mambo.

Leo mabishano yamehamia mitandaoni. Kipimo maarufu cha herufi nne ni Myers-Briggs: I ni mtu wa ndani, S ni milango ya fahamu na N ni machale, T ni kufikiri na F ni moyo, na mwisho J ni anayependa mambo yaliyopangwa, P ni anayependa kuyaacha wazi. Ukichukua semina ya 1925 ukaitafsiri kwa herufi hizo, Jung anatoka ISTP. Ukichukua mahojiano ya 1959, anatoka INTP. Wengi wanaomwandika wanamwita INTJ, na kundi lisilo dogo linamtaka INFJ, hasa wale ambao wenyewe ni INFJ. Wanaogombania herufi ya mwisho, J au P, wana kazi ngumu zaidi ya wote, kwa sababu mhimili huo haumo katika kitabu chake. Uliongezwa Marekani na Katharine Briggs na binti yake Isabel Myers, wala si wao waliokuwa wameketi Küsnacht siku Freeman alipouliza.